Siku Nilipopakatwa na Mama Mkwe

Mtu akikuambia hana aibu yoyote maishani mwake, muulize kama amewahi kukaa mapajani mwa mama mkwe wake. Mimi nimekaa. Mimi Kilufya, mtu mzima mwenye ndevu, kiongozi wa waashi kwenye kiwanda cha shaba hapa Likasi, nilikaa mapajani mwa mama wa mke wangu mchana kweupe, siku ya Pasaka, mbele ya kambi nzima ya wafanyakazi, na si kukaa tu, tulisafiri, tukapita katikati ya watu tukiwa wawili hivyo hivyo mpaka kwenye pipa la munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi. Chekeni kwanza, mkimaliza nitaendelea.

Mmemaliza? Haya. Mama mkwe wangu anaitwa Mama Ngalula, ni mtu wa Kasai, alikuwa akikaa Kakanda kwa mwanawe wa kwanza, Kalonji, anayefanya kazi kule machimboni. Ugonjwa wa sukari ulipomharibu mguu akaletwa hospitali huku kwetu, ukakatwa chini ya goti, na madaktari wakasema asikae mbali, kwa hiyo akahamia nyumbani kwangu kwa muda mfupi, na muda mfupi huo mpaka leo haujaisha. Sasa muelewe jambo moja. Kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawagusani, na wakigusana basi neno hilo halimalizwi kwa pole, linamalizwa kwa mbuzi. Mimi ni Musanga wa upande wa Lufira, kule karibu na Koni, na tangu siku niliyomposa Mbuyi watu wa kwao walikuwa wakinong'ona kama sisi watu wa mtoni tunaijua heshima kweli. (Tunaijua, tena sana, lakini nenda ukawaambie.) Nikaamua nitawaonyesha. Nitaheshimu mpaka wao wenyewe wachoke.

Basi nikawa mgeni katika nyumba yangu. Nilikuwa nikikohoa tangu langoni ili ajue naingia, napitia mlango wa jikoni, nakula nje kwenye kibanda cha makaa pamoja na kuku, na nikiwa na neno la kumwambia nauambia ukuta. Nasimama upande wa huku nasema, "Ukuta, naenda kazini," na upande wa pili namsikia akimwambia Mbuyi kwamba ukuta umesikia. Mwaka ukapita hivyo. Sikuwahi kumwona mama yule zaidi ya kisigino cha mguu uliobaki.

Lakini kumsikia nilimsikia, na hapo ndipo mambo yalipoanzia. Masista wa hospitali walimpa kiti cha magurudumu, na ndani ya nyumba alikizoea haraka, ila nje hakukuwa na njia, kwa sababu waliojenga nyumba hizi za kambi waliogopa mvua wakaziinua, na kutoka barazani mpaka chini kuna ngazi za kufika pajani mwangu. Mwanzoni vijana walikuwa wakimbeba. Jumapili moja walipokuwa wakimshusha kama gunia la unga wa posho, kitenge kikafunguka mbele za watu, na tangu siku hiyo akasema hatoki tena, atatoka siku atakayotoka kwa mikono yake mwenyewe. Na huyu si mtu wa kukaa ndani. Huyu ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo katika kwaya ya akina mama kule parokiani Kakanda, na alipofika huku kwaya ya hapa ilimchukua kabla hata ya jeraha kupona. Sasa kila Jumapili kengele ikilia, anakaa dirishani anaimba sehemu yake peke yake, kwa sauti ya chini, anaacha nafasi mahali ambapo wengine wangeitikia, kisha anaendelea. Mbuyi akawa analia jikoni. Na mimi huko kibandani na kuku wangu chakula kikawa hakipiti. Iliniuma, nasema wazi. Nikauambia ukuta, "Pasaka mama atakwenda misa. Nitajenga mteremko."

Kutoka upande wa pili nikasikia, "Mwambie ninangojea."

Sasa mtu mwenye akili angeanzia wapi? Angeanzia kwenye kile kiti. Angekipima upana, angetazama mwenye kiti anavyokisukuma, anachoka wapi, mikono yake inafika wapi. Mbuyi aliniambia hivyo hivyo, tena kwa upole: uliza mama. Nikamwuliza, nimwulize vipi, kwa ukuta? Na kiti nikipime saa ngapi, ikiwa mchana kutwa mwenyewe yuko ndani yake na akilala kiko chumbani kwake, mkwe kuingia chumba anacholala mama mkwe hilo si la mbuzi tena, hilo ni la ng'ombe. Mbuyi akasema basi atapima yeye, atauliza yeye, ataniletea majibu. Hapo ndipo kiburi kiliponipanda kichwani (ni uamuzi mdogo tu, dakika moja, lakini yote yaliyofuata yalitoka humo). Nikamjibu, "Kupima nini? Minye njo fundi. Nimejenga mingapi kule kiwandani ya kupandisha bruweti?"

Bruweti ndiyo toroli lile la gurudumu moja la kubebea mawe na saruji. Na ni kweli, miteremko ya bruweti nimejenga mpaka nimechoka, mifupi, imesimama, mtu anakuja na mzigo wake mbio na anafika juu. Nikasema moyoni, gurudumu ni gurudumu. Nikaazima bruweti, nikaijaza mchanga uzito wa mama mzima, nikaweka mbao kwenye ngazi, nikarudi nyuma hatua kadhaa nikaja kwa kasi, ikapanda. Nikapangusa mikono. Vipimo vimekwisha.

Mteremko wenyewe nikaujenga mfupi, umenyooka kutoka barazani kwenda langoni, kwa sababu ningeurefusha ungepita juu ya nyanya zangu, na nyanya zangu mwaka ule zilikuwa zimekubali. Vyuma vya kushikilia sikuweka, niliona vitafanya nyumba ionekane kama hospitali, nikapanga pembeni makopo ya rangi yenye maua. Mahali pa kupumzika njiani sikuweka, bruweti haipumziki. Na juu nikalainisha saruji kwa mwiko mpaka ikawa kama sahani, nikaita majirani waje kupitisha kiganja.

Halafu likaja suala la siraji. Asiyeijua kambi yetu nimweleze: sakafu ya saruji nyekundu inayong'aa ndiyo heshima ya mwanamke hapa, wanaipaka siraji, ile nta nyekundu ya sakafu, wanaisugua kwa kipande cha blanketi kuukuu, na mgeni akiingia kitu cha kwanza anachotazama ni kama anajiona chini. Jumamosi kuu Mbuyi na jirani zake wawili wakapiga magoti juu ya mteremko wangu wakasugua tangu asubuhi mpaka king'ora cha zamu kikalia. Nilirudi kazini nikaukuta unawaka. Mimi, ambaye kule kiwandani nikiona tone moja la mafuta juu ya ubao namfokea mtu mpaka baba yake anajuta, nilisimama pale nikamsifu mke wangu. Nikamwambia nyumba hii haijawahi kupendeza namna hii.

Jambo hili lingebaki letu kama si Sitwayeni Ilunga, yaani Raia Ilunga, mwenyekiti wa seli ya chama hapa mtaani. Siku hizi hata mlango mpya wa choo haufunguliwi bila hotuba na ngoma (simsemi mtu, nasema tu), na Ilunga aliposikia kuna kitu kipya kimejengwa akaja na utepe wa kijani, kipaza sauti, na kundi lake la wachezaji waliovaa sare. Kwaya ya akina mama nayo ikaja kumchukua Mama Ngalula waende naye misa kwa maandamano, wote wamevaa kitenge kimoja kipya, na yeye alikuwa ameshonewa chake. Mbuyi akaweka pipa la munkoyo karibu na lango ili watu wanywe wakirudi. Kambi ikajaa, wengine walipanda juu ya ukuta wa jirani.

Mimi kazi yangu ilikuwa kukata utepe, chini kabisa ya mteremko. Sasa nisimame nikitazama wapi? Mama mkwe yuko juu, barazani. Nikimtazama nimekosa adabu mbele ya watu wote, tena mbele ya watu wa Kasai waliokuja makusudi kuona kama Musanga anajua. Nikageuka. Nikampa mgongo, nikainamisha kichwa, mkasi mkononi, nikatulia na heshima yangu. Ilunga akazungumza kwa muda mrefu kwamba maendeleo ya Zaire iko inatembea, ngoma zikaanza, wachezaji wakaanza kutikisa viuno, na nyuma yangu nikamsikia Mbuyi anasema, "Mama, doucement, polepole."

Kisha kwaya ikakatika katikati ya neno.

Waliotazama wameniambia baadaye jinsi ilivyokuwa. Anasema kila mtu kwamba mama hakufanya kosa. Alitoka taratibu, akaachia magurudumu kidogo, akayashika, na mikono yake ilikuwa na nguvu, magurudumu yalisimama kabisa. Ila kiti hakikusimama. Kiliteleza juu ya siraji na magurudumu yake yamefungwa, kikaja chini kwa mwendo wake, na mbele yake hakukuwa na kitu cha kukizuia isipokuwa heshima yangu.

Kilinipiga nyuma ya magoti nikakaa. Nilikaa vizuri sana, ningekuwa nimetafuta nisingekaa vizuri hivyo. Utepe ukanizunguka shingoni, mkasi ukaruka, wachezaji wakagawanyika huku na huku wakidhani ni sehemu ya sherehe wakazidi kucheza kwa bidii, na Ilunga, ambaye hajawahi kuona kitu kikitembea bila kukipongeza, akasema kwenye kipaza sauti, "Mbele, paka mbele," yaani mbele tu. Mama mkwe alinishika kiunoni kwa mikono miwili ili asidondoke. Hakupiga kelele. Alikuwa anasali Kiluba cha Kasai sikioni mwangu, haraka haraka, na mimi nilikuwa nafikiri jambo moja tu la kijinga kabisa, kwamba bado sijamtazama usoni. Tukapita katikati ya watu, tukagonga pipa, pipa likainama polepole, na munkoyo wote, wa sherehe nzima, ukatumwagikia kuanzia kichwani.

Ngoma zikanyamaza. Nikabaki nimekaa, unga wa mahindi unanichuruzika machoni, nikasema bila kupitia kwa Mbuyi wala kwa ukuta, "Mama, pardon."

Na yeye, kwa mara ya kwanza tangu nioe binti yake, akanijibu mwenyewe.

"Kilufya, shuka kwanza. Uko muzito."

Hapo kambi ikapasuka kwa kicheko, watu walianguka kutoka ukutani, na mimi mwenyewe nilikuwa karibu kucheka, mpaka nilipogeuka nikamwona. Alikuwa anaangalia kitenge chake kipya. Kengele ya misa ikaanza kulia. Akamwambia Mbuyi kwa sauti ndogo, "Munirudishe mu nyumba," na ikabidi wanaume wanne wambebe kwa mikono, mbele ya watu wote, kile kile alichosema hakitampata tena, na mmoja wao akateleza kwenye mteremko wangu wakamyumbisha, akafumba macho. Kwaya ikaenda bila yeye. Jumapili ile hakuimba dirishani. Mengine yote ya siku ile naweza kuyacheka, hilo siwezi.

Kesho yake Kalonji akafika na lori kutoka Kakanda. Akakaa barazani, mimi nikakaa chini kwenye vumbi. Akauliza kama nimemgusa mama. Nikasema nimemgusa. Akauliza nimemgusa kiasi gani, na majirani waliokuwa wamekuja kutoa ushahidi (hakuna aliyewaita) wakaanza kukohoa. Ikaamuliwa mbuzi. Nikatuma kwa ndugu zangu wa Lufira wakaniletea dume moja kubwa, tukalifunga uani usiku mmoja kabla ya kulichinja, likakata kamba likamaliza nyanya zote, hata mashina.

Sasa kwao mbuzi akishaliwa, fundo linalegea. Kalonji akasimama akasema kuanzia leo mama anaweza kuzungumza na mkwe wake na mkwe anaweza kumtazama. Nikainua macho. Nilimwona mama mwenye uso mwembamba na macho makali, amekaa kwenye kiti cha mbao ukumbini kwangu, na nikangoja neno la baraka.

"Lete kile kiti," akasema. "Ukae."

"Mama?"

"Weye njo ulijenga. Weye njo utapanda."

Nikashushwa na kiti mpaka chini, nikakaa, na majirani ambao nilidhani wamekwenda makwao wakarudi wote. Siraji tulikuwa tumeikwangua, kwa hiyo sikuwa na cha kusingizia. Nikasukuma. Nikafika katikati, mikono ikaishiwa nguvu, nikarudi nyuma kama nilivyokuja. Nikajaribu tena, nikaishia pale pale. Mara ya tatu nikaweka hasira, na mteremko ulivyosimama, kiti kikanyanyua magurudumu ya mbele nikawa natazama mawingu, ingekuwa si Kalonji kunidaka kwa nyuma ningepasua kichwa. Hakuna aliyecheka mara hiyo. Mama Ngalula akaniangalia.

"Muntu ya bruweti anasukuma na miguu," akasema. "Minye niko na mikono tu."

Nimejenga miaka yote hii, na jambo hilo halikuwahi kunipita akilini, na alikuwa ameketi nyuma ya ukuta mmoja tu kutoka kwangu, angeniambia siku yoyote ningeuliza.

Tukavunja ule mteremko kwa nyundo kubwa. Safari hii nilipima kiti na mwenyewe akiwa ndani yake. Yeye ndiye aliyenionyesha viwiko vyake vinahitaji nafasi gani, chuma cha kushikilia kifike wapi, anageuzaje kiti mlangoni, pumzi inakwisha wapi. Kwa kila shibiri moja ya kupanda nikaweka shibiri kumi na mbili za kwenda, kwa hiyo mteremko ukafuata ukuta wa nyumba mpaka pembeni, hapo nikaweka mahali bapa pa kupumzika na kugeuka, ndipo ukarudi kuelekea lango, juu ya shamba la nyanya ambazo hazikuwepo tena. Pembeni nikainua kingo ili gurudumu lisitoke, pande zote nikaweka mabomba ya kushikilia, na saruji ikiwa bado mbichi nikaburuta ufagio juu yake ikawa na mikwaruzo. Wanawake wa jirani walipoiona wakampa Mbuyi pole. Nilimwapisha mke wangu kwamba siraji haitavuka kizingiti cha mlango, akaapa, lakini najua iliumiza roho yake. Kisha nikakaa mwenyewe kwenye kiti nikapanda na kushuka, nikapanda na kushuka, mpaka watazamaji wakachoka wakaenda kupika. Ilunga alitaka kuufungua upya. Tukaufungua siku aliyokuwa na mkutano Lubumbashi.

Ilikuwa Pentekoste. Mama akasema asifuatwe na mtu. Akashuka mwenyewe, mikono juu ya magurudumu, akafika kwenye kona akapumzika, akaweka kitenge sawa, akageuka, akamalizia, akatoka langoni na hakutazama nyuma. Mimi nilikuwa barazani nalia, na sikuona haya. Nilipofika kanisani nyimbo zilikuwa zimeanza, na nikiwa bado nje nilijua ni nani aliyezianzisha.

Tangu siku hiyo hakai nyumbani. Misa, sokoni, matanga, ubatizo, bombani wanakochota maji, kote anafika, na kote anakofika anasimulia siku mkwe wake alipomkalia. Anasimulia vizuri kuliko mimi, anaiga sauti yangu, anaonyesha jinsi nilivyoshika utepe. Narudi kutoka zamu, watu nisiowajua ndani ya taksi-basi wananiuliza nina kilo ngapi. Nimeapa, na mnishuhudie, sitamjengea tena mtu kitu bila kumwuliza mwenyewe, na bila kukaa kwanza mahali atakapokaa yeye. Juzi magurudumu ya kiti yakaanza kulia, akaniita niyatie mafuta, kwa sababu anataka kufika mpaka ile kambi ya upande wa pili wa mji, anasema kule bado hawajaisikia. Nikayatia.